Injini ilikohoa nikiwa futi 400. Ingezimika, ningegeuka kurudi?

"Mwaka jana mimi na rafiki yangu tulinunua ndege ndogo ya viti viwili, Zenith CH 701, iliyoundwa na fundi mmoja kwenye karakana ya nyumbani kwake. Ina injini ya Rotax 912 ULS. Mimi nilijifunza urubani kwa Cessna 172. Tunaruka kutoka kiwanja cha changarawe upande wa Kajiado, na tunatia petroli ya kawaida ya kituo. Jumamosi moja mwezi Februari tuliruka asubuhi vizuri, tukatua, tukanywa chai kama nusu saa, tukapaa tena saa saba mchana. Tulipofika kama futi 400 juu ya ardhi, injini ilikohoa mara tatu nne, ikapoteza nguvu sekunde chache, kisha ikarudi yenyewe. Fundi amefungua kabureta zote mbili, amezisafisha, anasema hakuona kitu. Rafiki yangu anasema hata ingezimika kabisa ningegeuka tu haraka nirudi, maana uwanja uko pale pale nyuma. Mke wangu anasema niuze ndege kabla haijamfanya mjane. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, pole kwa hizo sekunde chache. Najua zilivyokuwa ndefu. Nianze na lisiloweza kusubiri: msiirushe hiyo ndege tena mpaka chanzo cha kikohozi kijulikane. Fundi kusema hakuona kitu maana yake ni kwamba kitu bado kimo. Injini iliyokufa kabisa humwachia fundi ushahidi mkononi, lakini iliyokohoa ikapona humwacha akikisia, na kusafisha kabureta ndilo kisio la kwanza la kila fundi. Huenda amepatia. Mimi nisingepanda ndege kwa huenda.

Sasa tuiondoe hofu iliyojificha nyuma ya swali lako, kwamba injini ikizimika ndege inaanguka kama jiwe. Haianguki. Kinachoibeba ndege ni bawa, na bawa linachotaka ni hewa ipite kwa kasi ya kutosha. Kazi ya injini ni kuilipia kasi hiyo. Ikiacha kulipa, utalipa wewe kwa kimo: unashusha pua, unateremka, na mteremko unakupa mwendo, kama baiskeli iliyoachiwa mlimani bila kukanyaga pedali. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, ikateleza hewani mpaka Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi, na watu wote 69 wakatoka hai. Cessna uliyojifunzia huteleza karibu kilometa 2.8 kwa kila futi 1,000 za kimo. Huo ni muda wa kupumua, kuchagua mahali na kupiga redio.

Lakini CH 701 si Cessna, na hapa ndipo watu wengi wanaohamia ndege hizi nyepesi huumia. Uzito wake wa juu kabisa haufiki nusu ya uzito wa 172. Bawa lake ni nene, na mbele yake kuna vile vibawa vidogo vilivyofungwa moja kwa moja, visivyokunjika. Chris Heintz aliichora hivyo makusudi ili ipae na kutua kwenye vipande vifupi vya ardhi, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Gharama yake ni ukinzani mwingi wa hewa kwenye mwili mwepesi. Tupa kokoto na unyoya kwa nguvu ile ile uone kipi kinasimama kwanza. Cessna ikizimikiwa inaendelea kidogo kwa uzito wake, lakini 701 inasimama hewani kama iliyoshikwa mkia.

Fikiria ulivyokaa Jumamosi ile. Pua iko juu, mwendo ni mdogo, injini inavuta kwa nguvu zote. Injini ikikatika, kasi yako inaanza kuyeyuka papo hapo, na wewe unatumia sekunde tatu au nne kukataa kuamini. Kila rubani huzitumia, hata mwenye saa elfu kumi. Zikiisha, bawa liko karibu kuachia hewa, yaani kustoli. Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya redio, kabla ya koki ya mafuta, kabla hata ya kujiuliza kuna nini, ni fimbo ya kuongozea ndege mbele. Na si kwa adabu: isukume mpaka pua ishuke chini ya upeo wa macho, ardhi ijae kwenye kioo na tumbo likupande kifuani. Kwenye Cessna mwalimu wako alikufundisha uishushe taratibu. Huku ukiishusha taratibu umechelewa.

Tuje kwa rafiki yako. Sitaki kumdharau, maana hesabu yake kwenye karatasi karibu ikubali, na hiyo ndiyo hatari yake. Kurudi uwanjani si kugeuka nyuzi 180. Ukigeuka nusu duara utajikuta umekaa kando ya uwanja, sambamba nao. Ili uupate lazima uzidishe kona, kisha uikunje tena upande wa pili. Jumla ni kama nyuzi 270. Sasa kumbuka mlivyokuwa. Kama kiwanja chenu kiko futi 5,500 na joto lilikuwa nyuzi 30, hewa ile ilikuwa nyembamba kama ya futi 8,500. Kipima kasi kikionyesha noti 55 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), kwa kweli ndege ilikuwa inakwenda noti 62. Ukilaza bawa nyuzi 45 kwa mwendo huo, nusu duara inakuweka kando zaidi ya mita 200, na kona zote zinakula kama sekunde 15. Tuseme unashuka futi 1,000 kwa dakika: hapo futi 250 zimekwenda. Ondoa na zile ulizopoteza ukiwa bado umeduwaa. Zinabaki labda 100 za kukufikisha kwenye changarawe, upepo ukiwa sasa unakusukuma mgongoni. Ulipaa ukikabili noti 10, unatua ukisukumwa na noti 10. Magurudumu yatagusa ardhi kwa noti 20 zaidi ya ulivyozoea.

Hiyo ni kama umerusha kona safi kama ya mtihani, na mtu aliyeshtuka hairushi hivyo. Ukilaza bawa nyuzi 45 huku ukizuia pua isishuke, kasi ya kustoli inapanda kwa asilimia 19, na ukilaza 60 inapanda kwa 41. Wakati huo huo upepo wa mgongoni unaifanya ardhi ikimbie chini yako, jicho linakudanganya kwamba una kasi ya kutosha, na mkono unavuta fimbo wenyewe kwa sababu mwili hautaki kukaribia ardhi. Uwanja unauona kwa kona ya jicho, kona inaonekana haitoshi, unaongeza mguu kwenye pedali ili pua izunguke upesi. Bawa la ndani linaachia kwanza, ndege inajipindua na kuanza kuzunguka kama msokoto. Ukiwa futi 200 huna pa kuitengenezea. Wachunguzi wa ajali wameliona hili mara nyingi mno: uwanja uko mita chache mbele, na ndege imeingia ardhini kwa pua.

Je, hakuna kimo cha kugeukia? Kipo, ila hakijui mtu mpaka kipimwe kwa ndege yenyewe na rubani mwenyewe. Tafuta mwalimu anayezijua ndege nyepesi zenye ukinzani. Pandeni juu kabisa, futi 4,000 hivi juu ya ardhi, muweke ndege kwenye hali ya kupaa, arudishe throto, yaani mkono wa nguvu za injini, bila kukuonya. Hesabu sekunde nne kwa sauti, shusha pua, zunguka nyuzi 270, kisha soma umepoteza futi ngapi. Rudieni mara tano, chukua tarakimu mbaya kuliko zote, uongeze nusu yake. Chini ya hapo, uwanja wa nyuma usahau, ulishauacha. Utatua mbele, ukikengeuka kidogo tu kushoto au kulia ya pua.

Na upande wa Kajiado kutua mbele si hukumu ya kifo, hasa kwa ndege hii. Ule uzito mdogo na bawa nene vilivyokusaliti juu vinakulipa chini, kwa sababu 701 hugusa ardhi kwa mwendo mdogo sana. Kinachoua kwenye kutua kwa dharura ni kasi, tena kwa mraba wake. Mwili uliofungwa mikanda vizuri huweza kuvumilia msukumo wa mara tisa ya uzito wake kwa kitambo kidogo. Ukigusa kwa kilometa 80 kwa saa, kusimama bila kuvuka kiwango hicho kunahitaji chini ya mita 3. Kwa 160 unahitaji mita 11. Mita 3 utazipata hata kichakani: bawa likikatika kwenye mgunga, gurudumu likivunjika, mkia ukipinda, vyote hivyo vinakupunguzia mwendo. Ndege acha ikatike. Kibanda mlichokaa ndicho cha kulinda, kwa hiyo lenga kati ya miti miwili, usilenge shina.

Kabla ya kila kupaa, tembea ukaangalie kilicho mbele ya uwanja wenu. Namaanisha kwa miguu. Ukiwa juu, nyasi huficha vichuguu, mashimo ya mhanga na makorongo yenye kuta wima. Waya za umeme hutaziona kamwe. Tafuta nguzo, ukiona nguzo mbili chora waya kichwani. Barabara ya lami inavutia, lakini ina nguzo pembeni, matatu na boda boda, na watu ambao hawakuchagua kuhatarisha maisha kwa ajili ya starehe yako. Shamba lililolimwa shuka kwa kufuata matuta, usiyakate. Kabla ya kugusa, kama muda upo, funga koki ya mafuta, zima umeme, kaza mikanda na mfungue milango ili isije ikakwama. Kama muda haupo, achana na vyote hivyo, iongoze ndege tu. Usiache kuirusha mpaka isimame.

Mimi nilishukia shamba la mahindi miaka mingi iliyopita, kwa kosa langu mwenyewe: niliiacha koki kwenye tangi lililokuwa limebaki vijiko. Mabua yalipiga chini ya bawa kama mvua ya mawe, kisha kimya. Mwenye shamba alifika kabla ya wenzangu, akanitazama kama nina damu, akaona sina, akaanza kuhesabu mabua yaliyolala. Nililipa.

Hilo la koki linanileta kwenye ndege za kuundwa nyumbani kwa jumla. Halmashauri ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilizichunguza ndege hizi na kutoa ripoti mwaka 2012, na makundi mawili ya ajali yaliongoza: injini kuacha kazi, na rubani kupoteza udhibiti hewani. Mara nyingi la kwanza ndilo huzaa la pili. Na injini inapoacha kazi usifikirie chuma kuvunjika tu. Fikiria mafuta kutofika: bomba lililopitishwa karibu na ekzosi, kipande cha gundi ya tangi kwenye chujio, tundu la hewa la tangi lililozibwa na nyigu kwa udongo. Kwenye Cessna njia ya mafuta ilichorwa na kiwanda na kujaribiwa. Kwenye yenu, mtu mmoja aliamua usiku mmoja akiwa na kikombe cha kahawa kwamba bomba lipite hapa.

Mfano mnaoweza kuukumbuka ni wa mwimbaji John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alikuwa akirusha Long-EZ, ndege ya kuundwa nyumbani aliyoinunua kwa mtu kama mlivyonunua ninyi, nje ya pwani ya California. Mchoro wa Burt Rutan, aliyeibuni ndege hiyo, uliiweka koki ya mafuta mbele, mahali mkono unapofika. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma, na kabla ya safari fundi alimpa kioo cha mkononi ili avitazame. Alipoulizwa kuhusu kuongeza mafuta, alikataa, akasema ataruka kama saa moja tu. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipojipinda kuifikia koki mguu wake ulikanyaga pedali ya kulia, ndege ikaacha kudhibitika na kuingia baharini. Bawa lilikuwa zima na ndege ilikuwa na uwezo wa kuteleza. Keti kwenye 701 yenu, funga mikanda yote, fumba macho, kisha ushike koki ya mafuta. Ukiikosa mara ya kwanza, una kazi ya kufanya kabla ya kuzungumzia injini.

Sasa kikohozi chenyewe. Siwezi kuipima injini kwa barua, ila wewe umeandika ushahidi bila kujua: ndege iliruka asubuhi vizuri, ikaegeshwa nusu saa, ikapaa saa saba mchana ikiwa na petroli ya kituo. Injini iliyozimwa haipoi mara moja. Upepo wa kuipooza umekwisha, joto lote linapanda chini ya kifuniko na kuyaoka mabomba, pampu na kabureta mkiwa mnakunywa chai. Petroli ya magari huchemka upesi kuliko mafuta ya ndege, na kwenye futi 5,500 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo huchemka upesi zaidi. Mapovu ya mvuke yakiingia kwenye pampu au kabureta, injini inavuta hewa badala ya mafuta. Inakohoa. Mafuta mabichi kutoka tangini yakifika na kuyapooza mabomba, inarudi. Fundi akifungua kabureta Jumatatu asubuhi, ndege ikiwa baridi, ataona nini? Hataona kitu.

Hilo ndilo shaka langu la kwanza, lakini si la pekee, na fundi asishike hili tu akaacha mengine. Mwambie apime kwa mizani ndogo maboya ya kabureta, vile vielea vinavyofungua na kufunga njia ya mafuta. Maboya ya Rotax yamewahi kuwa na tatizo la kunyonya mafuta na kuwa mazito, na jozi ya kabureta moja haitakiwi kuzidi gramu 7. Aulize mipira ya mafuta iliwekwa lini. Kiwanda kinataka vitu vya mpira vibadilishwe kila miaka mitano hata kama ndege haikuruka, na mpira uliozeeka humomonyoka ndani huku nje uking'aa. Aangalie kama upo ule mpira mdogo wa kurudisha mafuta na mvuke tangini, maana waundaji wengine huuacha ili kupunguza kazi. Mabomba yote yavikwe kinga ya joto na yasogezwe mbali na ekzosi.

Kisha apime mtiririko, na hapa uwepo mwenyewe. Inueni pua ya ndege mpaka pembe ya kupaa, chomoeni mpira kwenye kabureta, muache mafuta yatiririke kwenye dumu bila pampu, mbali na moto, mtungi wa kuzimia moto ukiwa pembeni. Injini yenu ikifunguliwa yote hula kama lita 27 kwa saa. Mafuta yanayoshuka kwa uzito wake yanatakiwa kufika mara moja na nusu ya hizo, yaani dumu la lita 5 lijae ndani ya dakika saba na nusu. Likichukua dakika kumi na mbili, mmempata mwizi wenu. Rudieni kwa kila tangi peke yake, hasa likiwa na mafuta kidogo.

Ungeniambia injini ilikohoa asubuhi ya Julai, ukungu umelala Ngong na joto ni nyuzi 12, ningeanza na barafu kwenye kabureta. Februari saa saba mchana, hapana.

Kuhusu mafuta, kama kwenye kiwanja kingine mnaweza kupata mafuta ya ndege, yatumieni siku za joto, mkijua kwamba yana risasi na oili itabidi ibadilishwe mapema zaidi. Mkibaki na petroli ya kituo, hakikisheni inafikia oktani 95 ambayo Rotax inadai kwa injini hii, na baada ya mapumziko mafupi ya mchana fungueni kifuniko kipumue. Kabla ya kupaa, simama mwanzo wa uwanja, fungua throto yote kwa dakika nzima. Kama kuna mvuke, injini ikohoe hapo.

Mkeo sasa. Hajakosea kuogopa, ila sikubali kwamba dawa ni kuuza leo. Ukiiuza na ugonjwa wake, unamhamishia mjane mwingine. Wapo pia watu watakaowashauri mfunge mwavuli wa roketi unaobeba ndege nzima. Ni kifaa kizuri, kimeokoa watu wengi, lakini kina uzito wake kwenye ndege isiyo na uzito wa kuchezea, na chini karibu na ardhi, kama futi 400, kina nafasi ndogo ya kufunguka kwa wakati. Kama fedha ni ya kitu kimoja, ningeiweka kwenye mabomba na kwa mwalimu.

Ningefanya hivi: tafuteni fundi aliyesomea Rotax hasa, hata kama yuko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na itabidi mumlipie nauli. Tukio liandikeni kwenye kitabu cha ndege na mlipeleke KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kikohozi kilichoandikwa kinamwokoa atakayeinunua baada yenu. Chanzo kikipatikana, rubani mwenye uzoefu wa 701 aijaribu peke yake, juu ya uwanja, saa saba mchana, baada ya kuiegesha nusu saa, maana ikijaribiwa asubuhi ya baridi tutakuwa hatujajaribu kitu. Baada ya hapo saa tano na mwalimu, nyingi zikiwa za throto kurudishwa ghafla. Na kama miezi mitatu ikipita, fundi wa pili naye hakuona kitu, na mtiririko uko sawa, hapo nitakuwa upande wa mkeo.

Ukipima yale maboya, niandikie yametoka gramu ngapi.